Unanunua gitaa au kinanda Dar na we uko Kigoma? Mambo ya nyuma ya kaunta

Watu wa huku kwetu, kuanzia Mwanga, Gungu, Ujiji mpaka wale wa Kasulu, swali lao kwangu ni lilelile, kaka nimepata hela ya gitaa, nimtumie nani Kariakoo aninunulie? Na mi jibu langu halijawahi kubadilika: usimtume binamu yako anayeuza viatu hata kama ni mwaminifu kuliko wote kwenye ukoo. Mtume mtu anayepiga. Kama huna mpigaji unayemjua Dar basi panda mwenyewe treni au basi uende, na kama huwezi kwenda basi soma hii yote afu umtumie huyo binamu naye aisome kabla hajatoa hela.

Mi nlikuwa nauza duka la vyombo vya muziki Kariakoo, si mbali na Msimbazi, miaka ile bendi za dansi zinagombania wapigaji kila wikiendi na vijana wa Bongo Fleva ndo wanaanza kushika hela. Tuliuza magitaa, vinanda, maiki, spika, nyuzi, vijiti vya dramsi, kebo, kila kitu, vipya na vya mtumba. Na wanamuziki walikuwa wanakuja sana, wengine kununua, wengi kushika tu. Mwanzoni wale wa kushika tu walikuwa wananiboa, mpaka nikaelewa kwa nini wanakuja.

Ni hivi. Bendi zetu nyingi vyombo havikuwa vya wanamuziki. Vilikuwa vya mwenye bendi, au vya shirika, au vya jeshi. NUTA Jazz ya 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika majina, Juwata, Ottu, mpaka leo mnaijua kama Msondo Ngoma. Sikinde, yaani Mlimani Park, ilianza 1978, baadaye ndo ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu anaweza kupiga solo miaka ishirini, nchi nzima inamjua, akigombana na mwenye vyombo anatoka mikono mitupu, kesho yuko bendi nyingine anapewa gitaa asilolijua na usiku huohuo anatakiwa apige. Watu wa namna hiyo wanajua kukagua chombo kwa dakika chache kuliko fundi yeyote, sababu maisha yao yote wamepiga vyombo vya watu. Nlichofanya mi ni kuwaangalia tu mikono. Haya yote nitakayokuambia nimeyatoa kwao, kidogo sana kwangu.

Kitu cha kwanza, muda wa kwenda. Usiende Jumamosi mchana. Dukani kuna kelele, mtu anajaribu spika, mwingine anapiga dramsi, muuzaji anahudumia watu sita, hapo hata ukipewa gitaa limepasuka hutosikia. Wapigaji wa bendi walikuwa wanakuja siku za kazi, kwenye saa nne saa tano hivi, wameamka kutoka kwenye shoo, duka limetulia. Wanasalimia, wanakaa, wanaongea habari zingine kabisa, afu ndo wanasema hebu nipe lile pale. Ukiingia kwa haraka na kuuliza bei kabla ya salamu muuzaji anajua huyu hajui anachotaka na bei anayokutajia ni ya mtu wa namna hiyo, ndo ukweli wenyewe, na mi pia nliwatajia hivyohivyo.

Kitu cha pili, na hapa ndo nataka tukae kidogo, usichomeke gitaa kwenye amplifaya kwanza. Kulikuwa na mzee mmoja mpiga solo, simtaji jina, yeye ukimpa gitaa la umeme anakataa kebo. Analipiga kavukavu, anaweka sikio lake juu ya mwili wa gitaa, anapiga uzi mmoja anauacha ulie mpaka uishe wenyewe. Nikamuuliza mzee mbona hutaki nikuwashie, akanijibu ukiwasha nitasikia amplifaya yako. Na ni kweli bana, sisi dukani tulikuwa na amplifaya moja nzuri kuliko zote, haiuzwi, ipo kwa ajili ya kujaribishia tu, kila gitaa likichomekwa pale linalia vizuri. Kwa hiyo we anza kavu. Uzi ukifa haraka, yaani ukipiga unakata hapohapo, au kuna kitu kinatetemeka ndani kinalia zzz, rudisha. Baadaye ndo uombe amplifaya, na uombe ile ndogo ya bei ya chini, iliyo karibu na utakayoitumia kwako.

Halafu shingo. Shika gitaa kama unalenga shabaha, jicho moja, uangalie kutoka kichwani kwenda kwenye mwili, shingo iwe imenyooka au imepinda mbele kidogo sana. Ikijikunja kama parapanda ya zamani achana nalo. Kama jicho huliamini, bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) na mkono mwingine bonyeza uleule pale shingo inapokutana na mwili, uzi umekuwa rula, angalia katikati kwenye freti ya saba. Nafasi ya kupita karatasi ngumu ni sawa. Ikipita kalamu sio sawa. Magitaa mengi ya umeme na mengi ya nyuzi za chuma yana chuma ndani ya shingo cha kunyooshea, unakizungusha kwa ufunguo mdogo kidogokidogo, lakini umwambie muuzaji akizungushe mbele yako kabla hujalipa, maana kuna yaliyoshika kutu au yaliyozungushwa na watu mpaka yakakatika, na hapo ndo mwisho wa habari.

Urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti nao unaangaliwa pale freti ya 12. Gitaa la umeme likiwa na milimita moja na nusu mpaka mbili uko vizuri, gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, la nyuzi za chuma mbili mpaka tatu. Ikifika nne, tano, huyo ni mwalimu wa kukukatisha tamaa, vidole vitavimba na utadhani we ndo huna kipaji.

Sasa kuna jaribio moja ambalo ukilifanya dukani muuzaji anabadilika sura, anakuona mtu. Chuni gitaa kwanza, kamili, tumia tyuna ya simu, E A D G B E kuanzia uzi mnene mpaka mwembamba. Afu gusa uzi wa kwanza, ule mwembamba, juu kabisa ya chuma cha freti ya 12, usibonyeze, gusa tu, upige, utatoa mlio mwembamba wa juu. Sasa bonyeza palepale freti ya 12 upige. Hizo noti mbili zinatakiwa ziwe moja. Ile ya kubonyeza ikiwa juu zaidi maana yake urefu wa uzi ni mfupi, kwenye gitaa la umeme kuna skrubu pale darajani, nyuzi zinapokaa kwenye mwili wa gitaa, unakirudisha nyuma kile kibao cha uzi mpaka zikutane, dakika mbili tu. Kwenye gitaa kavu daraja limegundishwa, huna la kurudisha, ndo limezaliwa hivyo. Hilo ni gitaa ambalo kodi (chord) za chini zitalia vizuri na ukipanda juu kupiga sebene, ile sehemu ya kuchezesha watu, linakuwa nje, kwaya nzima inakuangalia. Fanya nyuzi zote sita usifanye moja.

Wapiga besi wana lao. Alikuwepo jamaa mmoja Mkongo, mrefu, mpole, anakuja anaomba besi, anapiga noti moja moja kwenye uzi wa G, ule mwembamba wa besi, freti ya tatu, ya nne, ya tano, ya sita, ya saba, taratibu, kila moja anaiacha ilie. Wenzangu walikuwa wanacheka wanasema huyu hajui kupiga. Kumbe besi nyingi maeneo hayo, freti ya tano mpaka ya saba kwenye G, zina sehemu inakufa, noti inatoka pu afu basi, wakati jirani zake zinalia ndefu. Akiikuta ndogo anakubali, ikiwa kubwa anarudisha besi bila maneno. Nlipomsikia usiku mmoja anapiga na bendi yake nikaelewa, nyimbo zao zile besi inasimama kwenye noti moja muda mrefu, angeipata ile iliyokufa angeaibika.

Hapo hapo kwa Wakongo niseme na hili maana sisi wa Kigoma ziwa ndo limetuunganisha nao, Kalemie ng'ambo kule, na waliopo kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na mjini hapa, utakutana nao tu. Ukiona gitaa la Mkongo lina uzi mwembamba katikati ya nyuzi nene usidhani kakosea kufunga. Wanaita mi-composé, wanatoa uzi wa nne, D, wanaweka uzi mwembamba kabisa na kuuchuni D ileile lakini oktavu moja juu, ndo ule mlio unaong'aa katikati ya solo na rizimu. Ukitaka kufunga hivyo kwako angalia kwanza mfereji wa D pale juu kichwani, mfereji ule umekatwa kwa uzi mnene, uzi mwembamba utachezacheza na kulia zzz, inabidi fundi akuwekee kipande kingine. Sasa upande wa kupiga kwa vidole bila piki, dole gumba na cha shahada tu, staili ile ya Katanga, Kongo, aliyoitangaza mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kuanzia miaka ya 1950, hiyo inataka gitaa kavu lenye nafasi kati ya nyuzi, kwa hiyo dukani pima kwa vidole vyako, usipime kwa piki ya muuzaji.

Gitaa kavu sasa, maana wengi wenu ndo mnanunua hilo. Kuna la nyuzi za nailoni na la nyuzi za chuma, na dukani yanafanana sana kwa asiyejua. Nyuzi za chuma za kawaida, zile za unene wa 12, zikichuniwa zote zinavuta kama kilo 70 na zaidi. Za nailoni zinavuta kama kilo 40. Sasa mtu ana gitaa la nailoni, linalia taratibu, kwaya ina watu wengi, anasema ngoja nifunge za chuma lipige kelele. Baada ya wiki kadhaa daraja linanyanyuka, tumbo la gitaa linavimba, siku moja usiku linang'oka pwaa watu wanadhani ni mwizi. Kwa hiyo wakati wa kukagua chukua karatasi, jaribu kuipitisha chini ya daraja kwa nyuma. Ikiingia, daraja limeshaanza safari. Na angalia ukingo wa lile tundu la katikati, ukiona mistari ya mbao inaendelea moja kwa moja kutoka juu mpaka ndani basi ni mbao kamili, ukiona tabaka tabaka ni plaiwudi. Plaiwudi sio dhambi, kwa huku kwetu penye unyevu wa ziwa masika na vumbi kiangazi plaiwudi inavumilia kuliko mbao kamili, ila usilipie bei ya mbao kamili.

Vya umeme vya mtumba. Hapa naomba usome mara mbili. Mtumba mwingi mzuri wa vinanda na amplifaya unatoka Japani. Japani umeme wao ni volti 100. Wa kwetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya Kigoma unasikia harufu tu, na muuzaji atakwambia nlikupa kizima. Geuza kifaa nyuma, soma kibati. Ikiandikwa 100V peke yake unahitaji transfoma ya kushusha, na transfoma iwe na wati za kutosha kuliko za kifaa. Ikiandikwa 100-240V uko salama. Dukani watakuwa wameshakuwekea kwenye transfoma yao chini ya meza huioni, kifaa kinawaka vizuri, unalipa, unaondoka bila transfoma. Sisemi wote wanafanya hivyo. We inama tu uangalie waya unaenda wapi.

Adapta za vinanda nazo zinaua. Yamaha nyingi ndogo zinatumia volti 12 na chanya iko katikati ya plagi. Casio nyingi za zamani ni volti 9 na katikati ni hasi. Plagi zinaingiliana vizuri kabisa hata hazilalamiki. Kuna alama ndogo ya kiduara yenye + na - nyuma ya kinanda na kwenye adapta, zifanane, na volti zifanane. Walimu wa kwaya wengi waliorudisha vinanda wakisema vibovu ilikuwa ni hiyo adapta waliyoazima kwa jirani.

Kinanda chenyewe kijaribu funguo moja moja zote 61, kwanza taratibu afu kwa nguvu. Usidanganyike na ridimu. Muuzaji anajua akikubonyezea sebene lililopakiwa utacheza na kusahau kukagua, na mi nlikuwa nabonyeza hiyohiyo. Zima ridimu, weka sauti ya piano, piga noti moja moja. Ukikuta ufunguo unaolia kwa nguvu tu hata ukiugusa taratibu, au usiolia, ni mpira wa chini umechoka au uchafu, mara nyingine fundi anasafisha unapona, kwa hiyo hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei na sio lazima uondoke. Mwalimu mmoja wa kwaya alikuwa anakuja bila simu bila tyuna, anaimba do yake taratibu, anabonyeza, akiona kinanda na yeye hawajakubaliana anaangalia kwanza kama kuna mtu kagusa kitufe cha kupandisha sauti nusu. Mara nyingi kuna mtu kagusa.

Maiki nitapita haraka. Shure SM58 ndo inayofekiwa kupita kiasi. Orijino ina gramu 298, beba mizani ndogo ya jikoni hata kama watakucheka. Ikiwa nyepesi sana ni feki. Feki nyingine zinaimba vizuri tu ukumbini kwa watu hamsini, we amua, ila lipa bei ya feki.

Kuhusu mastaa. Mtaniuliza tu kwa hiyo naanza mwenyewe. Walikuja, ndio, wengine mnawaimba mpaka leo, na sitataja. Nilichokiona ni kwamba mwenye jina kubwa akija na watu wake wanne, miwani imevaliwa, ananunua linalong'aa, na wiki inayofuata anayekuja kulibadilisha ni mpigaji wake, peke yake, kwa daladala. Mzee aliyekuwa akipiga bendi tangu enzi bendi ya Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata zinatamba redioni, huyo anachagua lililokwaruzwa, anasema rangi hailii. Tabora na Kigoma tumetoa wanamuziki wengi, na mzee akigundua natoka huku alikuwa anashika gitaa dakika kumi za ziada ananipigia vitu vya zamani, kaunta inajaa watu, bosi ananiangalia kwa hasira afu anakuja kusikiliza na yeye.

Bei. Usipambane sana na bei ya gitaa lenyewe, hapo faida ya duka sio kubwa kiasi unachodhani na muuzaji ataganda. Kubali bei ya karibu afu omba vitu: mkoba, seti mbili za nyuzi, kebo, piki. Vitu hivyo ndo vina nafasi, na muuzaji anatoa bila kuuliza bosi. Na risiti iandikwe namba ya chombo, siku ya kurudisha watakuuliza.

Kama umemtuma mtu na we uko huku, usisikilize kwa kupiga video moja kwa moja. Simu inakata sauti inazodhani ni kelele, na gitaa kwa simu ni kelele. Mwambie arekodi video fupi, kavu kwanza, noti za freti ya 12 kama nlivyosema, afu akutumie kama faili, document ile ya WhatsApp, sio video ya kawaida inayobanwa. Sikiliza na earphone. Ukisema ndio, ndo alipe.

Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kwa basi usiseme. Legeza nyuzi kidogo, kama noti mbili chini, usizitoe zote. Jaza nguo chini ya kichwa na pembeni ya shingo ndani ya mkoba maana kichwa ndo kinavunjika. Usikubali liwekwe buti la basi, kule jua la Dodoma na Singida linapika gundi, mwambie konda utalipakata, na kwenye treni liwe juu ya kitanda chako na sio chini watu wanapopitisha magunia. Ukifika nyumbani usifungue hapohapo, liache kwenye mkoba masaa kadhaa lizoee hewa ya hapa, afu ndo uchuni. Vile vipakti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usitupe, weka viwili kwenye mkoba, hasa kuanzia Novemba mvua zikishakolea, na futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga maana karibu na ziwa zinashika kutu upesi.

Na ukiwa bado uko kaunta, ongeza vipande vitatu au vinne vya uzi wa kwanza peke yake, ule mwembamba kabisa, wa unene wa 9 au 10 kutegemea seti yako. Ndo unaokatika kuliko zote, huku ukiukosa unasubiri mtu anayepanda kutoka Dar, na ibada ni Jumapili.